MkDocs kwa timu ya visiwa viwili: uzoefu wangu

Kama mnaunda programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, na maelekezo yenu yote yamelala kwenye grupu la simu, ijaribuni MkDocs, chombo cha kutengenezea tovuti ya nyaraka. Timu yetu inaitumia kuandikia nyaraka za programu ya simu ya wakulima wa mwani: nani kapanda kamba ngapi, kavuna lini, kauza kilo ngapi. Baadhi yetu tuko Mjini Unguja, wengine wako Pemba, ambako ndiko mwani mwingi unakotoka. Kilimo hiki cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na mahesabu mengi hadi leo yamo kwenye madaftari ya skuli.

Kabla ya MkDocs, kila aliyejiunga na timu alimuuliza mtu yule yule maswali yale yale. Majibu yalikuwepo, ila yalikuwa juu sana kwenye mazungumzo, chini ya salamu za Ijumaa na picha za harusi, na hakuna mwenye subira ya kuyapandia.

MkDocs yenyewe ni programu huria, imeandikwa kwa lugha ya Python na ipo tangu 2014. Inachukua kurasa ulizoandika kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za vichwa na orodha, inakutengenezea tovuti yenye menyu na sehemu ya kutafutia. Unaiweka kwa amri ya pip install mkdocs, unaanzisha mradi kwa mkdocs new, kisha mkdocs serve inakufungulia tovuti nzima ndani ya kompyuta yako. Ukihifadhi sentensi mpya, ukurasa unabadilika papo hapo.

Hilo la kufunguka ndani ya kompyuta kwetu ni jambo kubwa, kwa sababu halihitaji intaneti. Mwenzetu wa Micheweni, Pemba, anaandika ukurasa mzima bando likiwa limekwisha, anausoma kama utakavyoonekana, anaurekebisha, na akifika penye mtandao anausukuma, yaani anautuma, kwa Git, chombo kinachotunza historia ya kila badiliko la faili. Faili za maandishi ni nyepesi, hazili data.

Lakini kilichotufanya tubaki nayo ni kwamba kurasa zinakaa ghala moja la Git na msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Programu yetu ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Uzito" tu. Mwani ukitoka baharini umejaa maji, ukianikwa uzito wake unashuka mno. Basi kijiji kimoja kikawa kinaandika uzito wa mwani mbichi, kingine wa mkavu, na jumla haziwiani. Dada anayekusanya takwimu Pemba akaongeza sentensi moja kwenye ukurasa wa maelekezo: "Andika uzito wa mwani mkavu, siku ya kuuza, si siku ya kuvuna." Badiliko lake likapita mbele ya timu kama badiliko lolote la msimbo. Kijana anayetengeneza skrini za programu alipolisoma, akaongeza lake kwenye tawi lile lile, yaani nakala ya pembeni ya kufanyia kazi, kisanduku kikawa "Uzito wa mwani mkavu, kilo". Yakaunganishwa kwa pamoja. Leo ukifungua historia ya Git unaona nani alibadili nini, na kwa sababu gani. Nyaraka zilizowekwa mbali na msimbo haziwezi kukupa hilo. Msimbo unasonga, zenyewe zinabaki zilipo.

Kuzichapisha tunatumia Read the Docs, huduma iliyoanza 2010, ambayo ni bure kwa miradi huria na huweka matangazo kwenye kurasa. Kila tukisukuma badiliko, inajenga tovuti upya. Pia inahifadhi matoleo ya nyuma, na kwetu hilo lina maana yake: simu za vijijini hazisasishwi haraka, kwa hiyo mwenye toleo la zamani anasoma maelekezo ya toleo lake.

Udhaifu upo. Wa kwanza ni utafutaji. Injini inayotumika, lunr, ina orodha ya lugha inazozifahamu na Kiswahili hakimo. Inazoea maneno yanayobadilika mwishoni, na vitenzi vyetu vinabadilika mwanzoni pia. Mtu akitafuta "anika" hapati ukurasa uliosema "wanaanika" wala "umeanikwa". Tumekubaliana kila ukurasa uwe na mstari mmoja wa maneno ya kutafutia, na unasaidia, ila ningefurahi mno kuona mtaalamu wa Kiswahili na mtunga programu wakikaa pamoja kulitatua hili kwa faida ya wote.

Wa pili ni faili la mipangilio, mkdocs.yml. Nafasi za mwanzo wa mstari zina maana humo, na ukitumia kitufe cha tab linakataa. Mgeni anahitaji kuonyeshwa na mtu.

Na Git bado ni ukuta kwa asiyeandika msimbo. Mnaweza kuweka kiungo cha kuhariri juu ya kila ukurasa ili mtu aandike kwenye kivinjari, ila bado anahitaji akaunti. Kwetu, wanaotuma maelezo kwa sauti wanaandikiwa na mwenzao, na majina yao yanaingia kwenye ukurasa wa wachangiaji sawa na wengine. Hilo silikubalii mjadala.

Kitu ambacho chombo hakitakufanyia ni kukuambia uandike nini. Hapo tulisaidiwa na mpangilio wa Diátaxis wa Daniele Procida, unaotenga mafunzo ya anayeanza, maelekezo ya kazi maalumu, rejea, na ufafanuzi. Ukurasa wetu wa wanaoanza ulikuwa umejaa maelezo ya hifadhidata. Tulipoyahamisha, watu wakaanza kuumaliza. Amueni mapema pia leseni ya maandishi yenu. Sisi tumechukua CC BY 4.0 kwa kurasa, inayoruhusu yeyote kuzitumia ila amtaje mwandishi, na msimbo una leseni yake.

Mradi wa mtu mmoja au wawili hauhitaji haya yote, faili la README, yaani maelezo mafupi yanayokaa pamoja na msimbo, linatosha. Timu ambayo wengi wao hawagusi Git naiona inafaa zaidi na BookStack, ambayo watu huhariri kwenye kivinjari, ingawa hapo mtahitaji seva ya kuiweka. Na mkija kuihama MkDocs, faili za Markdown ni zenu: Docusaurus, chombo kingine cha aina hii, nayo inasoma Markdown, kitakachobaki ni kupanga menyu upya.