Maajabu matano kila asubuhi: mwaka wangu na programu iliyonifanya nichokoe kabureta

Kwa mwaka mmoja na ushei sasa simu yangu hulia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, ikiniletea vitu vitano: pikipiki moja iliyoundwa upya, kazi moja ya sanaa, kifaa kimoja chenye usanifu wa kuvutia, habari moja ya sayansi, na cha tano ni chochote walichookota mtandaoni siku hiyo. Ndiyo huduma yote. Huhangaiki kuperuzi, wao wanaperuzi kwa niaba yako. Ukilipia, matangazo yanaondoka na unafunguliwa hifadhi ya siku zote za nyuma. Jina lake naliacha, maana mengine nitakayoyasema hapa si mazuri.

Niliingia kwa ajili ya pikipiki. Hayo ya sanaa na sayansi niliyahesabu kama nyongeza tu. Siku ya tatu wakatuma Honda CX500. Hii ni pikipiki iliyotoka mwaka 1978, silinda mbili zilizotanuka huku na huku mithili ya mabawa, inapozwa kwa maji, haina cheni bali shafti, na enzi zake Waingereza waliibeza wakaiita funza wa plastiki. Kwenye picha ile hapakuwa na funza. Aliyeiunda alikuwa amekata mkia wa fremu, ametoa kiti kirefu akaweka kifupi chembamba, ameshusha usukani hadi usawa wa shokapu za mbele na, kilichonimaliza kabisa, ameondoa mlundikano wote wa chini ya kiti. Betri haionekani. Sanduku la ea klina, yaani la kuchuja hewa inayoingia kwenye injini, halipo. Unaona pembetatu tupu ya fremu na ukuta uliopo nyuma yake, halafu kabureta mbili, zile za kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, zimevishwa koni mbili nyeusi za kuchuja hewa, basi. Niliitazama mpaka nikachelewa kazini. Jioni yake nikalipia mwaka mzima.

Chini ya picha kulikuwa na kiungo cha duka linalouza koni za namna ile. Wenye pikipiki hapa wakae vizuri.

Yangu nayo ni ya zamani, silinda mbili, kabureta mbili za utupu. Kufunga koni si kazi: legeza bendi, toa sanduku, ingiza koni, kaza. Dakika ishirini. Ilipendeza, sitasema uongo. Nikapiga stata, ikawaka kwa mngurumo mzito wa kuvuta hewa ambao sijawahi kuusikia kwenye mashine ile, nikajiona nimefika. Barabarani mambo yakawa mengine. Kila nikifungua mafuta hadi nusu inasita, inakohoa, halafu inaruka mbele kama mtu aliyegutushwa usingizini. Nikiachia, bomba la moshi linatoa vilipuko vidogo: pa, pa-pa. Baada ya kilomita kama kumi magoti yakaanza kuungua kwa joto la injini.

Fundi wangu ni mtu mzima asiye na maneno mengi. Alichomoa plagi ya kushoto, akaigeuza mwangani, akanionyesha. Kauri yake ilikuwa nyeupe kama chaki, wakati inatakiwa iwe na rangi ya hudhurungi iliyofifia. “Mdogo wangu, hii inakula hewa, haili mafuta,” akasema. Kisha akazitoa zile koni, akaniambia niwashe nipandishe mafuta kidogo kidogo, naye akamulika tochi kwenye mdomo wa kabureta. Mle ndani kuna pistoni ndogo inayopanda na kushuka kwa kufuata mvuto wa hewa, na hiyo ndiyo inayonyanyua sindano ya kupitisha mafuta. Badala ya kupanda taratibu ilikuwa ikitetemeka: inapanda, inaanguka, inapanda tena. Nilikuwa nimemiliki pikipiki ile miaka minne bila kujua kwamba kitu hicho kipo.

Kumbe lile sanduku baya la plastiki lilikuwa kazini muda wote. Petroli huungua sawasawa ikipata hewa takriban mara 14.7 ya uzito wake. Kiwandani kabureta ilipimwa ikiwa na sanduku lake, hivyo ukubwa wa jeti, yaani kitundu cha kupitishia mafuta, na umbo la sindano vimekadiriwa kwa hewa iliyobanwa kiasi na kutulizwa. Ukiliondoa, hewa inaingia kwa wingi na kwa fujo, na upepo ukipiga kwa ubavu ndiyo kabisa. Kabureta za utupu ndizo zinazochanganyikiwa zaidi kwa sababu pistoni yake inaendeshwa na tofauti ya mgandamizo wa hewa, siyo na waya wa mafuta moja kwa moja. Tulibadilisha jeti kubwa mara tatu, tukanyanyua sindano kwa kuiwekea kiduara chembamba cha chuma (washa). Mafuta yakiwa madogo pakapona, yakiwa yamefunguliwa yote pakapona. Pale katikati, ambapo mtu huendesha muda mwingi kuliko kwingine kote, shimo halikuzibika. Mwezi mmoja baadaye sanduku likarudi mahali pake.

Lawama ni ya nani? Ya kwangu nusu, nakubali, hakuna aliyenishika mkono. Lakini nusu nyingine naiweka kwao. Walinionyesha pembetatu tupu na kiungo cha duka, wasiseme neno hata moja la kwamba aliyeiunda ile CX lazima alikaa na kabureta zake muda mrefu. Na hii ndiyo tabia ya programu nzima: inapenda sura ya kitu kuliko jinsi kinavyofanya kazi. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960 waliouanzisha mtindo huu wa kukata pikipiki, wale wa kukusanyika kwenye migahawa kama Ace Cafe pale London, hawakukata vitu ili wapigwe picha. Walitaka kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 hivi. Triton yao maarufu ilikuwa injini ya Triumph iliyotiwa ndani ya fremu ya Norton Featherbed, kwa kuwa injini ile ilikubali kuongezwa nguvu na fremu ile ilitulia kwenye kona. Usukani ulishushwa ili mwendeshaji alale upepo umpite juu. Chuma kilichotolewa kilikuwa uzito uliopungua. Leo tunatoa chuma ili picha ipumue.

Sasa nigeuke, maana kama ingekuwa hasara tupu ningekuwa nimeifuta zamani.

Kuna siku walituma Britten V1000, nami siku hiyo niliwasamehe karibu yote. John Britten wa New Zealand aliiunda na marafiki zake mwanzoni mwa miaka ya 1990, si kiwandani, na umbo la mwili wake alilichonga kwanza kwa waya na gundi ya moto, akilikunja kwa mikono mpaka likaridhisha jicho. Haina fremu ya kawaida, injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Magurudumu ni ya nyuzi za kaboni. Rejeta haiko mbele kama kwa wengine, imewekwa chini ya kiti na hewa inapelekwa huko kwa njia maalumu, ndiyo maana uso wake ni mwembamba namna ile na unapenya upepo. Safari hii maelezo yalikuwepo, na michoro pia, ukibonyeza sehemu inajifungua. Mwaka 1992 kwenye mbio za Daytona ilikuwa ikipambana mbele kabisa kabla ya hitilafu ya umeme kuiangusha. Zilitengenezwa chache mno, na Britten mwenyewe alifariki mwaka 1995. Niliisoma mara mbili, nikaenda kuitazama pikipiki yangu kwa macho mengine, hasa rejeta, ambayo nilikuwa nimepanga kuipaka rangi.

Upande wa sayansi nao umenishangaza, kwa sababu ndiko nilikotarajia kidogo. Ile ya baiskeli inayojisimamisha sitaisahau. Tangu shuleni nilijua kwamba baiskeli haianguki ikiwa mwendoni kwa sababu ya mzunguko wa magurudumu, na kwamba gurudumu la mbele hufuata nyuma ya mhimili wa usukani kama gurudumu la kitoroli. Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa vyuo vikuu vya Delft huko Uholanzi na Cornell huko Marekani, walionyesha baiskeli isiyo na hata kimoja kati ya hivyo viwili. Waliweka magurudumu mengine yanayozunguka kinyume ili kufuta nguvu ya yale ya chini, na gurudumu la mbele likawa linagusa ardhi mbele kidogo ya mhimili. Ukiisukuma ikapata mwendo wa kutosha, bado inajinyoosha yenyewe, haina mtu juu. Uzito wa sehemu ya mbele umekaa chini kuliko wa nyuma, kwa hiyo ikianza kuinama, mbele huanguka haraka kuliko nyuma, na usukani unajigeuzia kulekule inakoangukia. Video ni ya sekunde chache. Niliirudia mara nyingi, kisha nikatoka na pikipiki kwenye uwanja mtupu kujaribu jambo ambalo mwili unalijua na akili inalikataa: ukiwa mwendoni, ukisukuma mshikio wa kushoto mbele, pikipiki inalala kushoto na inakata kushoto. Jaribu taratibu.

Sanaa ni ya kubahatisha. Nilimpata Theo Jansen humo, Mholanzi aliyesomea fizikia hapohapo Delft kisha akageukia sanaa, ambaye tangu mwaka 1990 anaunda wanyama wakubwa kwa mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya za umeme, wanyama wanaotembea ufukweni kwa kusukumwa na upepo. Miguu yao inafuata vipimo kadhaa vya urefu alivyovipata kwa kompyuta, vinavyofanya unyayo uende karibu mstari mnyoofu ukiwa chini. Huyo ni mtu wangu. Lakini kwa kila Jansen mmoja kuna siku sita za chungu kilichovunjika kikaungwa kwa dhahabu. Tumeelewa jamani. Na ile rangi nyeusi kupita kiasi, Vantablack, ambayo msanii Anish Kapoor alipewa haki ya kuitumia peke yake katika sanaa mwaka 2016, nimeletewa mara tatu, kila mara kwa mshangao uleule kana kwamba imegunduliwa jana. Kinyesi cha wombati, mnyama wa Australia, chenye umbo la mchemraba, mara mbili.

Mwezi wa nane ndipo waliponikera hasa. Walileta pikipiki nyeupe, safi mno, tangi kama yai, chini yake wameandika kwamba ni kazi ya mikono ya fundi fulani, miezi kadhaa karakana. Kwa kuwa nimeshaungua mara moja, nikaikuza picha. Diski ya breki ya mbele ipo, lakini hakuna kitu cha kuibana. Waya wa klachi umetoka kwenye mshikio, umeshuka vizuri, ukaishia hewani. Bomba la moshi linaingia ndani ya injini mahali ambapo silinda haipo. Spoki mbili zimeungana njiani zikawa moja. Ni kompyuta iliyochora, na pikipiki hiyo haipo popote duniani. Niliwaandikia. Wakajibu kwa adabu kwamba wamelipokea, na picha ikaendelea kukaa hapo siku tisa kabla haijaondolewa kimyakimya. Hakuna maelezo wala samahani. Mtu anayelipia achaguliwe vitu na binadamu ana haki ya kutarajia kwamba huyo binadamu ameangalia kama breki zinabana.

Mengine niyapitie haraka. Picha ni nzito na zinajipakua zenyewe, kwa hiyo zima hilo kwenye mipangilio kabla bando halijaisha. Sehemu ya kutafuta ni dhaifu: ukiandika “kabureta” haileti kitu, ukiandika jina la pikipiki inaleta. Kuhifadhi unavyovipenda kunafanya kazi vizuri hata bila mtandao. Arifa unaweza kuihamisha saa, mimi nimeizoea ilipo.

Usajili wangu ulipoisha sikulipia mwaka tena, nalipia mwezi mwezi. Viungo vya duka nimevizima vyote, inawezekana, nenda kwenye akaunti chini kabisa. Na kila pikipiki inayokuja naikuza kwanza pale kabureta zinapokaa, kabla ya kutazama tangi.

Wiki iliyopita imekuja CX500 nyingine. Pembetatu tupu, kiti kama ulimi, maelezo ya mistari miwili kuhusu rangi. Nikakuza. Nyuma ya injini, kwenye kivuli, palikuwa na kisanduku chembamba cha alumini kilichochomelewa, kimeunganisha midomo ya kabureta zote mbili, kisha kichujio kimoja tu nyuma yake, kimefichwa mahali ambapo jicho halifiki upesi. Hewa inatulia humo kabla ya kuingia. Sanduku lipo, ila huyu amejitengenezea lake. Nikampelekea fundi ile picha bila kuandika chochote. Akakaa nayo siku nzima, usiku akajibu: “Leta pikipiki. Na vipimo.”