Uzoefu wangu: betri za sola nilizozifunga mwenyewe ndani ya nyumba, Tanga

Mke wangu alitupa trei nzima ya mayai. Kila jioni harufu ya mayai viza ilikuwa ikitembea koridoni, tukapekua kabati, jiko, hadi nyuma ya friji. Siku ya tatu nikafungua stoo, nikakuta betri ya kwanza kwenye mstari ina joto la kutoweza kuiwekea kiganja, maji yamekauka hadi sahani za ndani zinachungulia. Mayai hayakuwa na kosa.

Hizo zilikuwa betri za maji nne, volti 12, Ah 200 (ampia-saa, yaani ujazo wa betri) kila moja, zimeungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Mbili nilinunua 2022, mbili nikaongeza mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulipotukaba, na zile kongwe zikawa zinazimaliza mpya. Halafu nyaya zote mbili za inveta nilizifunga kwenye betri ya kwanza. Hiyo ndiyo ikawa inatoa umeme mwingi na kupigwa chaji nyingi, ya nne inasindikiza tu. Fundi aliyekuja kuangalia alihamisha ule wa hasi akaupeleka betri ya mwisho, kazi ya dakika 5. "Kaka, hii ungeniita mapema," akasema, na alikuwa sahihi. Stoo yenyewe inapigwa na jua la magharibi, na kidirisha chake nilikuwa nimekiziba kwa ajili ya mbu! Betri ya maji ikizidishiwa chaji inatoa hidrojeni; ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha. Watoto walikuwa wanalala ukuta wa pili.

Katikati ya 2024 nikaamua kuhamia lithiamu. Seli 8 za LiFePO4, volti 3.2 na Ah 280 kila moja, jumla volti 25.6 na uniti 7 na kidogo. Kwa hesabu ya karatasi zile za zamani zilikuwa na uniti 9.6, lakini betri ya maji ukiishusha chini ya nusu kila usiku unaichimbia kaburi, kwa hiyo sikupoteza kitu.

Sasa kuhusu muuzaji. Nilinunua Kariakoo, nikaambiwa mpya kabisa, za kiwandani. Nilipozifungua nyumbani chini ya taa nikaona vichwa vya seli mbili vimesuguliwa kwa msasa, na chini ya msasa kuna makovu ya kuchomelewa. Zimeshatumika mahali. Nikazijaza hadi volti 3.65, nikazimwaga hadi 2.5 huku nahesabu: moja ilitoa Ah 243, nyingine 247. Nilipompigia akaniambia ni baridi ya safari. Baridi, Tanga hii! Baada ya hapo simu haikupokelewa tena. Seli zikiwa zimeungwa kwa kufuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, dhaifu ndiyo inayozipangia wenzake, kwa hiyo nina betri ya 243, si ya 280.

Kuzisawazisha seli ili zote zianze na chaji sawa kulinichosha kuliko nilivyodhani. Kwa muda unaziunga zote chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kisha unazichaji pamoja hadi juu, na kwa chaja yangu ya ampia 10 ilikula siku 6. Hapo ndipo spana namba 10 iliponiponyoka ikalala juu ya chanya na hasi. Mlio kama wa kuchomelea geti, na spana ina pengo hadi leo. Nimeizungushia tepu nyeusi, nimebakiza mdomo tu.

Kwenye vifaa vingine sitakaa sana. Inveta ya wati 3000 kwa volti 24 inavuta zaidi ya ampia 125, kwa hiyo nimeweka waya wa milimita 50 na fyuzi ya ampia 200 karibu kabisa na betri. Breka ya kwanza niliyouziwa ilikuwa ya umeme wa nyumbani. Kwa umeme wa betri ile haifai: ikikata, moto unaendelea kuruka ndani yake. Angalia imeandikwa DC.

Mwezi wa pili wa kuzitumia, BMS (kifaa kinacholinda na kupima kila seli) ilianza kunionyesha kwenye simu kuwa seli ya 5 inaanguka hadi 3.05 kila pasi ikiwashwa, wenzake wako 3.24. Nikajua ni mojawapo ya zile za makovu. Wapi! Nilipogusa kipande cha shaba kinachoiunga, kilikuwa cha moto. Nati ililegea, na hewa yetu ya chumvi imeshaanza kuweka ukijani. Nikafungua, nikasugua, nikakaza kwa kiasi, maana nyuzi zake ni za aluminiamu na ukitumia nguvu zinaisha. Ikarudi sawa na wenzake.

Sasa zipo kwenye kona ya sebule, juu ya benchi, nyuma yake ubao wa saruji, dirisha wazi. Friji, feni tatu, taa na televisheni zinakesha, asubuhi nakuta imebaki asilimia 50 na kitu. Vifaa navipa nyota nne kati ya tano, muuzaji simpi hata moja.

Nimeshapewa bei ya seli mbili za kubadilisha zile mbovu. Bado nasita, maana kuchanganya kongwe na mpya ndiko kulikoniponza mara ya kwanza.