Redio ya DAB nchini Uganda: ninayo, na siwashauri mnunue

Kwa anayeuliza kama abebe redio ya DAB, yaani ya kupokea matangazo ya dijitali hewani, kutoka Ulaya aje nayo Uganda: aiache dukani. Akipewa bure apokee, maana FM yake ni safi. Kwa pesa yake mwenyewe, hapana.

Yangu aliniletea shemeji anayeishi Leicester. Kwa sura haina kasoro: boksi la mbao, kioo kidogo mbele, kitufe cha kuzungusha. Plagi yake ya pini tatu iliingia ukutani bila adapta, kwa kuwa soketi tulirithi kwa Mwingereza. Mawimbi yake hatukurithi. Ukibonyeza kutafuta stesheni, mstari unatembea kwenye kioo mpaka mwisho, halafu inakuandikia sifuri. Mimi niko Busia, kwa hiyo nilivuka nayo mpaka nikaijaribu upande wa Kenya. Sifuri vilevile.

Redio haijaharibika. DAB haitumii masafa ya FM. FM yetu iko kati ya megahezi 87.5 na 108. DAB iko juu huko, 174 hadi 240, na stesheni nyingi hufungwa pamoja zikarushwa kwa wimbi moja. Lazima kwanza mtu ajenge mitambo hiyo, kisha stesheni zilipie nafasi humo. BBC walianza mwaka 1995. Norway stesheni za kitaifa ziliiacha FM mwaka 2017. Afrika Kusini walianza majaribio ya DAB+, toleo jipya la DAB, Johannesburg na Pretoria mwaka 2014. Hapa kwetu hakuna wa kukurushia, na redio isiyorushiwa kitu ni pambo la kabati. Hata zile za bei ya chini kule Uingereza ni kama pauni 30, yaani karibu shilingi 140,000 zetu.

Sasa kuna hizi za madukani Kampala zilizobandikwa neno "dijitali". Hizo ni FM za kawaida zenye namba kwenye kioo badala ya mshale. Muuzaji hakudanganyi sana, kwa sababu kinachotafuta stesheni ndani yake ni cha dijitali kweli, na hicho ndicho ningelipia. Masafa ya Kampala yamebanana: Sanyu 88.2, CBS 88.8 na tena 89.2, Radio One 90.0. Redio ya mshale, ukiigusa kidogo tu, uko kwa jirani. Ya namba ukiiweka 88.8 inakaa 88.8 mpaka uitoe.

Nirudi kwa hii ya shemeji. Kwenye FM sauti ni nzito, nzuri, na baadhi ya stesheni zinaandika jina lao kwenye kioo. Kinachoniudhi ni saa. Imeundwa kujirekebisha kwa mawimbi ya DAB, basi kila stima ikikatika narudia kuiweka kwa mkono, nanyi mnajua stima ya huku. Mawe (betri) nayo inayamaliza upesi kuliko karedio kangu ka zamani.

Vijana wataniambia nisikilize kwa simu. Nasikiliza, nikiwa na MB. Lakini bando lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, na Januari ya mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Matokeo ya kura tuliyafuata kwa FM. Mama anayelima huko kijijini ana simu ya katochi yenye FM ndani, waya wa masikioni ndio antena, na hakuna anachomlipa mtu. Mpaka DAB iingie kwenye simu ya namna hiyo, sioni itamfikiaje.

Mwenye gari la kutoka Japani ndiye ningemwelewa akitaka kutumia pesa kwenye redio. Nyingi za magari hayo zinaishia 90, kwa hiyo unapata Sanyu na CBS, Radio One iko pembezoni kabisa, na zote za juu yake huzioni. Fundi akufungie ekspanda, kile kifaa cha kuishushia redio stesheni za juu ya 90, maisha yaendelee.

Ya nyumbani nunua ya FM yenye namba, na kama unafuata matangazo ya Kiswahili kutoka nje iwe na masafa mafupi pia. Antena iwe ndefu ya kuvuta, na kama uko mbali na stima tafuta yenye paneli ya sola. Usiijaribie ndani ya duka, mabati na nyaya za pale zitakudanganya. Mwambie muuzaji mtoke nayo nje, uiweke 88.8 kisha 89.2. Kama sauti za hizo mbili zinaingiliana na ya tatu jirani yao, mrudishie.