Sindano ya tezi dume: ultrasaundi peke yake au MRI kwanza?

Kwa miaka mingi, mwanamume aliyeshukiwa kuwa na saratani ya tezi dume alichomwa sindano 10 hadi 12 za kuchukua vinyama vya kupimwa, kwa kuongozwa na ultrasaundi, yaani picha za mawimbi ya sauti. Tezi huonekana vizuri, lakini mara nyingi uvimbe wenyewe hauonekani, hivyo daktari huchukua vinyama kila upande na kuomba Mungu sindano zisiupite.

MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku yenye nguvu, ikitangulia, sindano hulengwa kwenye doa lililotiliwa shaka. Utafiti wa PRECISION wa mwaka 2018, wenye wanaume 500, ulipata saratani ya kutibiwa kwa asilimia 38 ya waliopitia MRI, dhidi ya 26 kwa njia ya zamani. Tena saratani hafifu, zile zinazomtia mtu hofu na matibabu asiyoyahitaji, zilikuwa asilimia 9 badala ya 22. Kwangu mimi, namba hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi. Na asilimia 28 ya kundi la MRI hawakuhitaji kuchomwa kabisa!

Ultrasaundi ni nafuu na mashine yake husogezwa hadi kitandani. MRI ni ghali na inataka msomaji wa picha aliyebobea. Mwenye kifaa cha chuma mwilini aseme mapema.