Banda la Magomeni Mtwara na wiki yake ya vichekesho vya TV vilivyogeuzwa muvi

Wadau wa Mtwara, na nyie wa Lindi mnaopitapita huku, naomba nilisemee hili banda la kuonyesha mpira na muvi lililopo Magomeni, jina silitaji maana halina hata bango, we panda bodaboda mwambie akupeleke kwenye banda la turubai la bluu atakufikisha mlangoni.

Mi huwa naenda kwa ajili ya mpira tu, kiingilio jero na mechi ikiwa kubwa buku, sasa juzi hapa ligi ikasimama na mwenye banda ni mtu asiyependa kuona mabenchi yake yako tupu, ndo akaja na wazo lililonifanya nikae chini niandike. Siku tano mfululizo, Jumatatu mpaka Ijumaa, kila usiku muvi moja ya komedi, ila siyo komedi yoyote tu, ni zile ambazo zilianza kama vichekesho vifupi kwenye televisheni, vile vya dakika tano sita mtu anafanya vituko vyake anaondoka, halafu baadae wakazivuta zikawa muvi ya saa moja na nusu. Na kabla ya muvi anakuwekea kwanza kile kichekesho chenyewe cha TV ili ujue ilipotoka. Yote hayo kwa jero. Pembeni kuna kijana na maiki anatafsiri moja kwa moja, hajaandika popote, anasikiliza anasema.

Kiukweli sijawahi kulipia burudani mji huu nikatoka na mambo mengi kichwani kama wiki ile.

Banda lenyewe ni la kawaida, mabenchi ya mbao, projekta inapiga kwenye shuka jeupe lililotundikwa na kamba, sabufa mbili kubwa, feni moja kwa watu wote, na pale mlangoni kuna mama anakaanga mihogo anaiwekea pilipili na chachandu, ile harufu inaingia mpaka ndani. Ukikaa benchi la mwanzo shingo itakuuma, kaa la tatu au la nne. Joto ni kali nisidanganye.

Jumatatu ikapigwa Wayne's World ya 1992. Hii ilitoka kwenye kipindi cha Marekani kinaitwa Saturday Night Live, kimeanza mwaka 1975 na mpaka leo kipo, kila wiki wanaigiza vichekesho vifupi laivu usiku. Vijana wawili wana kipindi chao cha TV wanakirushia nyumbani, chini ya nyumba ya wazazi, basi. Muvi iliingiza zaidi ya dola milioni 180 dunia nzima kwa hiyo kule iliwakuna sana, ila pale Magomeni watu walicheka sehemu mbili tatu, maana utani mwingi ni wa mambo ya kwao, na kijana wa maiki alijitahidi ila utani ukishaanza kuuelezea umeshapoa. Nisikae sana hapo.

Jumanne ndo nilianza kuelewa kitu. A Night at the Roxbury ya 1998, kipindi hichohicho. Kile kichekesho cha TV ni hivi, ndugu wawili wako klabu, mziki unapiga, wanatikisa vichwa kwa pamoja upande mmoja, wanatikisa, wanatikisa, wanawasogelea wadada wanakataliwa, wanaendelea kutikisa. Kimeisha. Sasa kilipowekwa kile kifupi banda zima lilikuwa linatikisa kichwa, watoto, wazee, mpaka mama wa mihogo alichungulia na mwiko mkononi anatikisa, nilifurahi mno. Ikaja muvi. Dakika kumi za kwanza bado tunatikisa. Baada ya nusu saa nikawa nasikia mabenchi, na mtu yeyote aliyezoea banda anajua, watu wakiwa ndani ya stori benchi halilii, wakianza kuboeka kila mtu anageuza makalio na mbao zinaanza kulia kwii kwii kila kona. Kuna dogo mmoja mbele yangu akamuuliza kaka yake, "sasa hawa wanatafuta nini?" Kaka mtu akakaa kimya kidogo akasema, "wanataka kuingia disko." Dogo akasema, "si wameshaingia?"

Lile swali la dogo nililala nalo. Kwenye TV dakika tano hakuna anayeuliza huyu mtu anatafuta nini, unacheka kituko chake unaenda kulala, wiki ijayo anakuja tena na kituko kilekile unacheka tena. Ila ukinikalisha saa moja na nusu kwenye benchi la mbao nitauliza. Waliotengeneza nadhani nao waliliona maana wameweka baba mtu ana duka la maua ya bandia anataka wanawe wakafanye kazi dukani, ila ile stori imebandikwa tu pembeni ya vile vichwa, haijatoka kwenye vichwa vyenyewe.

Jumatano sasa. The Blues Brothers, 1980. Hawa wawili walianza palepale Saturday Night Live kama bendi ya vichekesho, suti nyeusi, kofia nyeusi, miwani nyeusi, wanaimba bluzi. Ukiwaona kwenye kile kipande cha TV unasema haya, vijana wanajua mziki, muvi itapatikana wapi hapo? Muvi inaanza mmoja anatoka jela, mwenzake anakuja kumpokea, wanaenda kumsalimia sista wa kituo cha yatima walikolelewa. Sista anawaambia kituo kinadaiwa kodi dola 5,000 na isipolipwa ndani ya siku chache kinafungwa, na hataki hela chafu. Wakimjibu vibaya anawacharaza na rula. Pale banda lilivunjika mbavu, mijitu mizima na suti zao inachapwa na sista kama wanafunzi wa la tatu, na papo hapo kila mtu mle ndani akajua kinachotakiwa, hela ipatikane, iwe halali, na muda ni mfupi. Huku kwetu ambako mtu anapeleka korosho mnadani halafu anakaa anasubiri malipo na ada ya mtoto inasubiri na yeye, nani atauliza hawa wanatafuta nini?

Ile muvi ni zaidi ya masaa mawili na ina nyimbo nyingi, yumo Aretha Franklin, yumo Ray Charles, yumo James Brown, na magari yaliyovunjwa mle yanazidi 100, polisi juu ya polisi wanarundikana kama mizigo stendi. Katikati ya ile kufukuzana umeme ukakatika. Siku ya muvi mbovu umeme ukikatika watu wanashukuru wanaenda kwao, siku hiyo hakuna aliyetoka, wakawashiana tochi za simu, mama wa mihogo akauza sinia zima, kila mtu anabishana watafika au hawatafika kulipa, kuna mzee mmoja fundi cherehani akasema kwa sauti ya kujiamini kabisa, "watafika, lakini watakamatwa." Jenereta ikawashwa baada ya kama dakika ishirini. Wakafika. Wakalipa. Risiti ikagongwa muhuri, na hapohapo mitutu ya bunduki imejaa vichwani mwao, wakarudishwa jela. Yule mzee alisimama akapigiwa makofi utadhani kaiandika yeye.

Alhamisi ndo sitaisahau, na kama wewe ni mpenzi wa lugha hapa utanielewa. Iliwekwa It's Pat ya 1994, tena kipindi kilekile. Kichekesho chote cha Pat ni kimoja, watu hawajui kama Pat ni mwanaume au mwanamke, wanamtega kwa maswali, na kila jibu lake linawaacha palepale. Kwa Kiingereza inafanya kazi kwa sababu wao hawana neno kama yeye, wana he kwa wa kiume na she kwa wa kike, na ukimtaja mtu mara nyingi inabidi uchague moja, kwa hiyo wanaoongea na Pat wanajikwaa kila mara. Sasa kijana wetu wa maiki akaanza kutafsiri. "Amefika. Anaitwa Pat. Wanamuuliza mpenzi wake ni nani. Anasema anaitwa Chris." Watu kimya. Unaona tatizo? Kiswahili chetu kinasema yeye, amekuja, mwenzake, mpenzi wake, na hakuna popote kinapokudai useme jinsia ya mtu, ule mtego mzima umeyeyuka kwenye maiki. Kijana akahangaika kama dakika kumi mwishowe akasema kwa upole, "jamani, hawajui kama ni kaka au dada," watu wakasema aaaah, wakacheka mara moja, na kile kicheko ndo kilikuwa cha kwanza na cha mwisho.

Ila tusiwasingizie Waswahili, maana hata kwao Marekani ilianguka vibaya, iliingiza kama dola 61,000 tu sinema zote, muvi ambayo imekula mamilioni kutengenezwa. Kule lugha iliwasaidia na bado haikutosha, kwa sababu kitendawili kimoja ukikiuliza dakika tano ni kitamu, ukikiuliza saa nzima bila kutegua mtu anakasirika. Mle ndani tulibaki kama kumi na mbili. Mi nilibaki kwa kumheshimu yule kijana wa maiki, alikuwa anatoka jasho.

Ijumaa banda lilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya turubai. Mr. Bean. Kwanza akaweka vile vipande vya TV vilivyoanza Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na mjue vyote havizidi kama 15 tu, sisi tumeviona mara mia mpaka tunadhani ni mia. Halafu muvi ya 2007, ile anashinda bahati nasibu ya kanisani anapewa safari ya kwenda pwani ya Ufaransa. Kijana wa maiki akakaa chini na soda yake, hakuwa na kazi, maana Bean haongei.

Na mtu anataka nini? Anataka kufika baharini. Mwisho. Hata mtoto wa miaka mitatu kaelewa. Tiketi ya basi inapeperuka inanasa kwenye mguu wa kuku, kuku anaondoka nayo, Bean na baiskeli anamfuata kuku barabara nzima mpaka kwenye banda lenye maelfu ya kuku wote wamefanana. Mbele yangu kulikuwa na bibi kaja na wajukuu zake, kanga kajitanda, alicheka mpaka akashika bega la mtu asiyemjua akawa anasema, "mwangalie, mwangalie jamani, atamjua yupi?" Halafu mwisho anafika, anaiona ile bahari, anaanza kutembea kuiendea kama yuko ndotoni, na banda zima la watu ambao bahari wanaiona kila siku, wengine wamezaliwa Mikindani na Shangani, wakanyamaza. Mi machozi yalinilenga, nasema kweli.

Sasa hapa ndo roho inaponiuma kuhusu kwetu. Mi nimekua na Ze Comedy, kuanzia EATV mpaka walipohamia TBC wakawa Orijino Komedi, tulikuwa tunajaa sebuleni kwa jirani, ukimuona Joti kaingia na sauti ya kibibi unaanza kucheka kabla hajasema. Hizo ni mali. Na tumekuwa na King Majuto, Mungu amrehemu, alitutoka 2018, yule ukimpa muvi nzima aliibeba maana hata akikaa kimya ulikuwa unaona anachotaka, chakula, hela, au kumkwepa mkewe. Lakini komedi nyingi zilizouzwa enzi za DVD walichukua kituko cha dakika tano wakakivuta part one, wakakivuta tena part two ili wauze mara mbili, na katikati gari linapaki dakika tatu nzima. Vipaji vilikuwepo. Aliyekosekana ni dogo wa Magomeni wa kuuliza huyu mtu anatafuta nini.

Na wala hatuhitaji kwenda kujifunza mbali. Nenda msibani huku kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, uwaone watani. Mtani anaingia kaburini analala anasema hatoki mpaka alipwe, analia kilio cha uongo, anavaa nguo za marehemu anamuigiza alivyokuwa anatembea, na anaweza kwenda hivyo toka asubuhi mpaka watu wanarudi kutoka kuzika na huchoki, kwa sababu anatafuta kitu, anataka mfiwa acheke walau mara moja siku hiyo. Ukimuangalia vizuri utaona jicho lake haliondoki kwa mfiwa. Nilimwambia hivyo mwenye banda Ijumaa wakati tunakunja mabenchi, akaniambia, "kaka, mtafute mwenye kamera, mabenchi ninayo."

Malalamiko yangu machache. Sabufa ya kushoto inakoroma, ikifika besi huskii maneno. Kijana wa maiki ni fundi ila kwenye nyimbo za Aretha angenyamaza tu, wimbo hautafsiriwi, waache watu wasikilize. Feni ziongezwe hata mbili. Na kina mama waliokuja na watoto Ijumaa walikosa pa kukaa kwa sababu vijana walishawahi mabenchi ya nyuma, mwenye banda awatengee upande wao, nimeshamwambia amekubali.

Ligi ikirudi mpira utarudi, ila ameahidi kila Jumatano muvi zitaendelea, saa mbili usiku, jero ileile. Jumatano inayokuja anaweka ile Bean ya kwanza ya 1997, ile anapiga chafya kwenye mchoro wa gharama halafu anaufuta na kitambaa chenye wino. Yule bibi wa kanga kaniuliza mara mbili kama ni kweli itawekwa, nimemwambia ni kweli bibi, nitakushikia nafasi benchi la tatu.