Uzoefu wangu: miaka mitatu katika shule ya Taekwon-Do ya jadi

Siku ya kwanza niliwekwa mwisho wa mstari, nyuma ya watoto. Nilikuwa na miaka 44. Katika ukumbi ule wa Taekwon-Do, sanaa ya mapigano ya Korea, watu hujipanga kwa mkanda, si kwa umri: mwenye mkanda wa juu husimama mbele upande wa kulia, anayeanza husimama mwisho. Mwalimu alimwita msichana wa miaka 12 mwenye mkanda wa bluu, akaniambia huyo ndiye atakayenionyesha hatua za mwanzo. Tukasimama tukitazamana. "Charyot," akasema msichana, yaani simama wima, tukakaza miguu. "Kyong-ye," yaani inama. Nikamwinamia. Moyo wangu ulisita kabisa, maana nimekua nikijua kwamba mtoto ndiye anayeanza kumheshimu mkubwa. Lakini naye aliinama, chini kama mimi, kisha akanifundisha kwa saa nzima bila kunicheka hata mara moja.

Nimeanza na hilo kwa sababu mtu anayetafuta shule huuliza kwanza kuhusu mateke. Mateke utayapata kokote. Kilichonibakiza hapa ni jinsi watu wanavyoishi pamoja.

Shule hii inafuata mkondo wa Jenerali Choi Hong Hi, ambaye jina Taekwon-Do lilianza kutumika chini yake mwaka 1955, na aliyeanzisha shirikisho la kimataifa, ITF, mwaka 1966. Usiichanganye na ile ya Olimpiki yenye vizibao vya elektroniki. Hiyo ni ya shirikisho jingine. Huku kuna tul 24, yaani mifululizo ya hatua, moja kwa kila saa ya siku kwa maelezo ya Jenerali mwenyewe, na kuna misingi mitano: adabu, uadilifu, uvumilivu, kujitawala, na moyo usioshindwa. Kila kipindi huanza kwa kiapo, na ndani yake tunaahidi kwamba kamwe hatutaitumia vibaya Taekwon-Do.

Nimeona kumbi ambako maneno hayo ni pambo la ukutani. Hapa yana kazi. Jioni moja, katika mapambano ya mazoezi, kijana mwenye nguvu wa mkanda mwekundu alimpiga mgeni teke zito la mbavu, na kanuni yetu ni kugusa tu. Mwalimu alisimamisha darasa. Hakufoka. Alimwuliza kijana, "Msingi gani umeuacha?" Akajibu kwa sauti ndogo: kujitawala. Akaomba radhi mbele ya wote, na kwa wiki kadhaa akapangwa na wanaoanza peke yao. Yule mgeni hakuacha mazoezi. Leo ndio wawili wanaofika mapema kupiga deki sakafu pamoja.

Kusafisha, kwa njia, ni kwa zamu, na mikanda myeusi nayo inashika ufagio. Mwalimu pia.

Mtihani wangu wa mkanda wa njano wenye ncha ya kijani nilianguka. Tul ya daraja langu ilikuwa Dan-Gun, hatua 21, imepewa jina la mwanzilishi wa Korea katika simulizi za kale. Ngumi zake zote hupigwa juu, usawa wa macho. Mimi nilizipiga kifuani, moja baada ya nyingine, mbele ya watu wote. Niliondoka nikitafuta viatu vyangu haraka ili nisiongee na mtu. Yule msichana akanifuata mlangoni: "Anko, kesho njoo nusu saa kabla. Tutazipandisha." Alikuja kila siku ya mazoezi hadi mtihani uliofuata, akinyoosha kiganja chake mbele ya macho yangu ili ngumi yangu ikifuate. Sijawahi kufundishwa kwa upole namna ile, hata nilipokuwa shuleni.

Kasoro zipo. Watoto na watu wazima hufanya pamoja, kwa hiyo jioni zingine nafasi ya kurusha teke la pembeni haitoshi. Istilahi za Kikorea zinakaririwa kwa kusikia tu, bila karatasi, na anayechelewa kushika huteseka. Ningependa mwalimu alitazame hili. Tena mikanda inapatikana polepole. Anayetaka mkanda mweusi upesi atachoka hapa, kwani miaka mitatu imenifikisha kwenye kijani. Rangi hiyo inaashiria mmea unaokua, na kwa jinsi magoti yangu yalivyohangaika, naikubali.

Kitu kidogo ninachokipenda: mkanda unazungushwa kiunoni mara moja tu, alama ya kufuata lengo moja. Ukilegea, unageuka upande, humpi mwalimu uso huku ukijifunga. Nilidhani ni ushamba wa sheria. Sasa nimezoea kiasi kwamba hata nyumbani nageuka nikirekebisha shati mbele ya wageni.

Wiki iliyopita aliingia mzee anayekaribia miaka 60, dobok yake, yaani vazi la mazoezi, bado ina mikunjo ya dukani. Akawekwa mwisho wa mstari. Mwalimu akaniita mimi. Nilimwona akinitazama akisita, nikamkumbuka mtu mmoja. Nikasema "charyot", nikasema "kyong-ye", nikainama hadi nikaona vidole vyangu vya miguu. Alipoinua kichwa alikuwa akitabasamu. Tukaanza na Saju Jirugi, zoezi la ngumi za pande nne, mguu wa kulia.