Mafunzo ya anthropolojia ya tiba mjini Goma: yanafaa, ila yamegawanywa vibaya

Nilihudhuria mafunzo ya siku 3 ya anthropolojia ya tiba, yaani elimu ya jinsi watu na jamii zao wanavyouelewa ugonjwa na matibabu, yaliyoandaliwa hapa Goma kwa ajili ya wauguzi, na fedha niliyolipa haikupotea, ingawa muda haukugawanywa vema. Siku ya kwanza karibu yote ilikwenda kwa maisha ya Paul Farmer, daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza kazi Haiti katika miaka ya 1980, akafariki mwaka 2022 huko Butaro, Rwanda, nchi tunayopakana nayo.

Utamu ulikuwa siku ya pili, tulipojifunza maswali ya Arthur Kleinman, tabibu wa magonjwa ya akili ambaye pia ni mwanaanthropolojia: mgonjwa aulizwe anadhani ugonjwa wake umetokana na nini, na ni jambo gani linalomtia hofu zaidi. Katika zoezi, mama mmoja aliyeigiza mgonjwa alikunja ncha ya kitenge chake, akamjibu muuguzi: «Dada, homa siiogopi, naogopa kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni.» Hakuna fomu yetu yenye nafasi ya kuandika jibu kama hilo.

Kinachoniudhi ni kwamba Ebola ya 2018–2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, ambamo wanaanthropolojia walifanya kazi kubwa kuhusu mazishi na uvumi, ilipewa nusu saa tu ya mwisho, umeme ukiwa umekatika. Nakala tulizoahidiwa bado tunazisubiri.